Somoe, Vyuma Vimekaa Imara

Nachingwea, alasiri

Mwanangu Somoe,

Umetoka mchana huu kwenda Nambilanje kumuaga bibi yako, nami nimeona nikuandikie kabla hujarudi. Nimekaa uani, mgongo ukutani. Mbele yangu mafungu ya ufuta yamesimama yanakauka, na upepo ukipita nasikia punje zikidondoka kwenye turubai. Baba yako amepita akaniuliza naandika nini. Nimemwambia naandika ya kwangu. Amecheka, amekwenda zake kuangalia kuku.

Kesho alfajiri unaondoka. Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, mpaka Ludewa kwenye milima ambayo mimi mama yako sijaiona hata siku moja. Umeajiriwa kukagua pampu na visima vya vijiji huko, na umeamua kwenda na pikipiki yako mwenyewe. Sitakuandikia habari za kula, za kulala wala za kupiga simu. Hayo nimeyasema mpaka umeyachoka, na mengi ulikuwa unayajua kabla sijafungua mdomo. Nataka kukuandikia habari ya vile vyuma.

Ndiyo, vyuma. Yale mabomba mawili meusi yaliyoikumbatia injini ya pikipiki yako huku na huku, ambayo vijana wa bodaboda pale stendi wanayaita bampa. Ulisimamia kazi mwenyewe siku tuliyoyafunga, kwa hiyo utasema hakuna jipya. Lakini hujui kwa nini nilikusumbua kiasi kile. Na barua ina faida moja, huwezi kunikatiza kwa kusema, "Sawa mama, nimeelewa."

Kovu la mguu wangu wa kulia unalijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilipapasa kwa kidole na kuuliza kama bado linauma. Nami nilikuwa nakujibu kwa kifupi: nilianguka na pikipiki, basi. Leo nakupa habari ndefu.

Wakati ule nilikuwa bibi shamba kijana, nina pikipiki ya ofisi na kiburi cha kuwa mwanamke pekee niliyeendesha pikipiki upande huu. Siku hiyo nilikuwa nakwenda Lionja. Wakulima wa korosho walikuwa wananingoja niwaoneshe namna ya kupulizia salfa. Mvua za mwisho zilikuwa zimenyesha usiku, na ile njia ina kipande cha udongo mweusi unaoteleza kama mlenda. Sikuwa nakimbia. Hili nataka uliweke moyoni, sikuwa nakimbia hata kidogo. Gurudumu la nyuma lilihama tu, kama mtu anayesogea kukupisha kwenye benchi, na pikipiki ikalala upande wa kulia, polepole kabisa, mguu wangu ukiwa chini yake.

Ilikuwa haina vyuma. Hapakuwa na kitu cha kuizuia isilale yote ardhini, kwa hiyo uzito wote wa injini ulikuja juu ya mguu, na ekzosi ikaja juu ya nyama. Nilipiga kelele, Somoe. Nikavuta mguu, hautoki. Nikasukuma pikipiki kwa mikono, inatikisika na kurudi palepale. Kila nikivuta, ngozi inabaki kwenye chuma.

Aliyenisikia alikuwa mwanamke wa rika langu, anatoka shambani, mtoto mgongoni na jembe begani. Huyo ndiye Mama Fidelis wako, na mtoto yule mgongoni ndiye Fidelis mwenyewe. Wakati huo hatukuwa tunafahamiana. Familia yake ilikuwa imetoka Msumbiji si siku nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kimakonde hata kikawa kigumu kunifikia, hasa mimi niliyekuwa nalia. Akaweka jembe chini, akashika usukani, akajaribu kuinyanyua. Miguu yake ikateleza kwenye tope na nusura aanguke na mtoto. Akajaribu tena. Wapi.

Mimi nilikuwa bado navuta. Akanishika goti.

"Usivute, dada," akasema. "Ukivuta unajichuna. Tulia, nichimbe."

Akachukua jembe lake akaanza kuchimba. Hakuchimba kwa nguvu kama anayelima, alichimba kwa ncha ya jembe, anakwangua tope chini ya mguu wangu na kulitoa kwa mkono, anakwangua na kutoa. Mtoto mgongoni amelala, hana habari. Nilihisi mguu unashuka kidogo, kisha kidogo tena, mpaka kukawa na nafasi kati yangu na chuma, na mguu ukatoka wenyewe kama mtu anayetoka kitandani. Akanimwagia maji ya kidumu chake kwenye lile jeraha. Halafu tukakaa pembeni mwa njia, tope mpaka nyweleni, tukaanza kucheka, sijui tulikuwa tunacheka nini. Akafungua kitambaa akatoa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, tukala. Ndiyo maana kila msimu wa ming'oko, ile ya kwanza kuchimbwa lazima iletwe hapa nyumbani. Ulidhani ni ujirani tu.

Sasa nikueleze nilichofanya baada ya hapo, maana hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea nikiwa mzima, si nikiwa chini ya pikipiki.

Nilipopona nilikwenda kwa mchomeleaji mmoja nikamwambia, "Nifungie vyuma. Vinene kuliko vyote ulivyonavyo. Nataka chuma kisichopinda." Yule bwana aliniuliza kama nataka vya kufunga kwa bolti au vya kuchomelea. Nikamwambia chomelea, nani anataka kitu kinachoweza kufunguka? Akafanya kama nilivyotaka. Akachomelea mabomba mazito moja kwa moja kwenye fremu. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Pikipiki imekuwa nzito mbele, inakata kona kama mkokoteni, kufungua kifuniko cha oili lazima upitishe mkono kama mwizi dirishani, lakini nikasema si kitu, kwani tumekuja kucheza?

Nilianguka tena, anguko dogo la aibu, nikigeuza pikipiki mbele ya ofisi ya kijiji watu wakitazama. Mguu ulipona, na kile chuma kweli hakikupinda. Kilichopasuka ni fremu, palepale kilipochomelewa. Pigo lililotakiwa kuishia kwenye bomba lilikwenda lote kwenye uti wa mgongo wa pikipiki. Ikapelekwa gereji ikakaa huko msimu mzima wa kupulizia. Wakulima wa Lionja wakaelekezana wenyewe kwa wenyewe bila mimi, wengine wakapatia, wengine maua ya mikorosho yakaungua kwa ukungu. Na mimi, mwanangu, pikipiki ilipotoka gereji nikasema mgongo unaniuma. Nikaomba kazi za ofisini. Mgongo haukuwa unauma. Nilikuwa naogopa.

Hofu ile ndiyo uliyoikuta wewe ulipokua. Ulipoanza kusema unataka kujifunza pikipiki nilikukatalia kwa sauti ambayo hata baba yako aliishangaa. Nawe hukubishana. Ukaenda kujifunza kwake, kwenye uwanja wa shule kule Nambambo, kila mkienda shamba. Nilijua baadaye sana, jirani aliponipongeza, "Mama Somoe, binti yako anaendesha, unasema kazaliwa nayo." Nilimnunia baba yako. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia, "Nimemfundisha kwanza kufunga breki." Hakusema lingine. Huyo Chande wangu si mtu wa maneno, hilo unalijua.

Basi ukaja na lile dubwana kutoka Mtwara. Najua ulivyolitafuta na ulivyojinyima, na nilijua tangu lilipoingia uani kwamba si pikipiki ya kwenda sokoni. Tangi kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, magurudumu marefu, sauti nene. Baba yako alilizunguka mara mbili tatu akasema, "Hii inakwenda mbali," nikaona macho yako yanavyong'aa. Mimi nikaona kitu kimoja tu. Injini imejitokeza huku na huku, wazi, kama mbavu za mtu aliyevua shati.

Nikakuambia, "Iwekee vyuma."

Ukasema, "Mama, kuweka vyuma ni kujitabiria kuanguka. Na vinaongeza uzito."

Tukashindana siku kadhaa. Ningeweza kukuambia habari ya Lionja yote kama nilivyoiandika hapa, labda ungeelewa upesi. Nilichofanya ni kukuamrisha, nawe si mtu wa kuamrishwa, hilo umelirithi kwangu. Aliyetuamua ni pikipiki yenyewe. Unaikumbuka ile asubuhi? Uliiegesha kwenye stendi yake pale karibu na banda la kuku, ukaingia ndani kunywa chai. Mchanga ukaanza kuinywa stendi. Sisi tunazungumza habari ya sukari, tukasikia *pu*, kama gunia la mahindi linavyotua. Kutoka nje tukaikuta imelala ubavu, kuku wametawanyika, klachi imekatika, na kwenye kifuniko cha injini kuna mchubuko ambamo oili ilikuwa inachungulia. Haikuwa inakwenda popote. Ilikuwa imesimama tu nyumbani kwao.

Ulichuchumaa ukapitisha kidole kwenye ule mchubuko. Ukasema taratibu, "Ingekuwa njiani Ludewa, hapa ndiyo safari imekwisha." Nataka unipe sifa zangu, Somoe: kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na haki ya kusema 'nilikuambia' na sikusema.

Ulipokwisha kuitengeneza tukaipeleka Masasi kuitafutia vyuma. Yule muuzaji alikuwa na vyuma vya kumeremeta, vina nafasi ya kufungia taa, vinene kama mkono wangu. Mimi nilivipenda palepale. Nilikuwa nimesahau kila kitu, mwanangu, mtu anaweza kupasuka kichwa mara mbili kwenye jiwe lilelile. Nikasema hivi hivi, tufungie. Wewe ukainama, ukalala kabisa sakafuni na gauni lako zuri, ukaangalia chini ya pikipiki, ukamuuliza, "Kaka, hivi vinashika wapi?"

"Dada, hivi vinaingia pikipiki zote," akasema kwa fahari.

"Kama vinaingia zote," ukasema, "basi havikutengenezewa yoyote."

Watu wakacheka, na yule kaka mwenyewe akacheka. Kisha ukanionesha, kwa kidole, bila kunifundisha kama mtoto: hapa vingeziba rejeta isipate upepo, hapa vingegusa pedeli ya breki, na vinashika sehemu mbili tu, tena kwenye bati jembamba. Ukaniambia chuma kizuri kinashika pale injini yenyewe ilipofungwa kwenye fremu, sehemu nyingi, na cha kulia na cha kushoto vinaungana kwa mbele ili pigo la mmoja wasaidiane wawili. Nilikuwa nimesimama katikati ya duka nikijiona yule mimi wa kwa mchomeleaji, nikidai unene. Laiti ningekuwa na mtu wa kulala sakafuni siku ile.

Ndipo tukasikia habari ya Rashidi wa Ruangwa, yule kijana anayefanya kazi machimboni, aliyekuwa na pikipiki kama yako. Ulipoviona vyuma vyake uani kwao ulifurahi kama umeokota. Vya aina ileile, matundu yanafuata pikipiki yako tundu kwa tundu. Lakini cha upande wa kushoto kilikuwa kimechubuka rangi yote, kimekwanguka mpaka chuma cheupe. Mimi nikakuvuta pembeni.

"Hivi vimepata ajali," nikakunong'oneza. "Mwanangu, tusibebe mkosi wa mtu."

Rashidi alisikia. Hakukasirika. Akakunja suruali akatuonesha mguu wake wa kushoto mpaka gotini, mzima, hauna alama.

"Mama, shikamoo tena," akasema. "Niliteleza na hivi kwenye kokoto za kule mlimani, pikipiki ikaburuzika navyo, mimi nikiwa juu yake bado. Vyuma vilianguka, mimi nikainuka. Sasa mke wangu anataka gari. Chukueni."

Wewe ukakipima kile kilichochubuka kwa kukilaza juu ya saruji pamoja na mwenzake, uone kama kimepinda. Hakikupinda. Ukaangalia maungio kama kuna ufa. Hakuna. Ukanitazama, na nikajua unaningoja mimi. Hukuhitaji ruhusa yangu, lakini uliningoja. Nikasema, "Vifunge." Njia nzima ya kurudi Nachingwea nilivipakata kwenye gari miguuni kama mtoto wa watu.

Sasa ile Jumamosi. Nimeikumbuka tangu asubuhi leo.

Uliweka gogo na jeki chini ya injini kwanza, maana ulisema bolti ndefu ya juu ndiyo inayoishika injini, ukiichomoa bila kuiegemeza injini inakaa chini na matundu yanapotea. Baba yako akakibeba chuma cha kushoto begani kukishikilia. Mimi nikapewa spana. Nikaingiza bolti ya kwanza, nikaikaza. Nikaikaza vizuri sana, kwa moyo wote, mpaka spana ikalia. Kisha nikaenda kwenye tundu la pili. Halikutani. Limekosea kwa upana wa ukucha tu. Nikasukuma, nikavuta, nikamwambia baba yako anyanyue, ashushe. Jasho likanitoka. Nikachukua nyundo.

Ukanishika mkono, Somoe. Kwa upole, kama mtu anavyomshika mtoto asiguse chungu.

"Mama, legeza ile ya kwanza."

"Nimeshaikaza hiyo. Ile ni nzima."

"Ndiyo tatizo. Umeikaza mapema. Zote ziingie kwanza zikiwa zinacheza, halafu tutakaza kidogo kidogo, hii kisha ile."

Nikailegeza kwa kununa. Na matundu yote yakaja yenyewe. Bolti ya pili ikaingia kwa vidole, ya tatu ikaingia kwa vidole. Baba yako akakitikisa kile chuma, akaogopa. "Mbona kinacheza?"

"Kwa sasa kinatakiwa kicheze, baba," ukamjibu.

Sikuandikii mafumbo, mwanangu, nawachoka watu wanaogeuza kila bolti kuwa methali. Nakuambia tu kilichonipata. Usiku ule nililala nikiwaza kwamba mimi ndivyo nilivyokulea. Nilipata jambo moja la kweli, kwamba barabara inaua, nikalikaza mpaka mwisho kabla mengine hayajaingia. Kisha nikashangaa kwa nini hatukutani, nikatafuta nyundo. Na wewe, miaka yote, ulikuwa unanisubiri nilegeze kidogo. Hukuniambia, labda hukujua namna ya kuniambia. Ulijua namna ya kuniambia habari ya bolti.

Tulipomaliza kukaza ukatandika gunia kuukuu, ukasema sasa tuilaze. Baba yako akashtuka: pikipiki nzima, tuilaze? Lakini ulitaka kuona. Tukaishika wote watatu tukaishusha taratibu mpaka ikalala juu ya vyuma, na wewe ukajilaza kifudifudi ukapitisha mkono mzima kati ya injini na ardhi. Mkono ukapita. Ukaugeuzageuza kule chini ukicheka. Pangepita na mguu.

Kisha ukatuambia tuondoke, utainyanyua peke yako.

Hapo ndipo nilipopata kazi ngumu kuliko zote za siku ile. Uliigeuzia mgongo, ukakalia ukingo wa kiti, ukachuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma, ukaanza kusukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume. Ikanyanyuka kidogo ikarudi. Nikapiga hatua. Baba yako akanishika kitenge. "Mwache," akasema. Ukapumua, ukapanga miguu upya. Mishipa ya shingo ikakutoka. Ikaja, ikaja, ikasimama, nawe ukageuka umeishikilia, uso umejaa vumbi na meno yote nje. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa baba yako kwa nguvu hata akalalamika baadaye.

Ukanipa ufunguo. Mpaka sasa sijui ulifikiri nini. "Mama, zunguka nayo kidogo."

Nilitaka kusema mgongo unauma. Neno lilifika mdomoni kabisa. Nikapanda. Miguu inafika kwa vidole tu. Niliiwasha nikaenda nayo taratibu njia ya Nambambo, watoto wa jirani yetu Mwalimu wakipiga kelele nyuma, "Bibi shambaa!" Nikapita mikorosho, upepo ukaniingia kwenye mtandio, na nikasahau kuogopa, nikasahau kabisa. Nilikumbuka tena nilipotaka kugeuza kwenye ule mchanga wa chini. Nikapunguza mno, usukani ukapinda, ikaanza kulala. Upande wa kulia. Nilijua kila kitu kitakachofuata, mwili wangu wote ulijua.

Haikufuata. Chuma kikatua mchangani, pikipiki ikakaa kwa ubavu kama mtu aliyeegemea kiwiko, na mguu wangu ukawa hapo chini, ndani ya nafasi, na hewa pande zote. Nikauchomoa. Nikakaa mchangani nikiuangalia kama mguu wa mtu mwingine. Wewe ulikuja unakimbia, kandambili mkononi, unaita "Mama! Mama!" ukanikuta nacheka peke yangu, machozi yananitoka.

"Nimekichubua na cha pili," nikakuambia. "Nisamehe."

Ukasema, "Ndiyo kazi yake, mama."

Tukainyanyua wawili, mimi nikafuata ulivyonielekeza, mgongo kwa kiti, miguu ndiyo isukume. Kabla ya kurudi ulikagua kila bolti kwa spana. Moja ilikuwa imelegea kidogo. Hilo ndilo jambo moja tu nitakalokuomba kama agizo, ukiniruhusu: ukianguka, usiondoke kwa sababu eti umepona. Kaa chini kwanza. Kunywa maji. Pitisha mkono, angalia kilicholegea, kikaze, ndipo uwashe. Mimi enzi zile, kwenye maanguko madogo, nilikuwa nawasha palepale ili watu wasione kwamba nimeanguka, na safari zangu nyingi ziliharibikia hapo.

Na ukikwama pabaya, ukiwa umebanwa, kumbuka kutulia. Atapita mtu. Kule Ludewa nako kuna akina Mama Fidelis, hata kama lugha yao hutaijua siku ya kwanza. Jifunze kuwasalimu kwa lugha yao. Usione haya kuchimbiwa.

Sikuombei usianguke. Nilikuwa nakuombea hivyo miaka yote, na naona Mungu alikuwa ananisikiliza kwa huruma tu. Sasa nakuombea unyanyuke, na uwe na nguvu za kucheka. Nenda ukawape watu maji. Mwanamke atakayefungua bomba lililokuwa kavu hatajua kwamba ulikuja kwa pikipiki wala kwamba mama yako alikuwa muoga. Atachota tu, atajitwika. Nikifikiria hivyo roho yangu inatulia, na zaidi ya kutulia, inafurahi.

Jua limeanza kuinama. Baba yako anakufungia korosho zilizobanguliwa kwenye mfuko, anaweka nyingi mno, nitampunguza. Barua hii nitaiweka chini ya kifurushi hicho, uikute ukifika Songea, si kabla, maana najua ukiisoma hapa utanikumbatia na mimi nitabadilisha mawazo.

La mwisho. Mwakani wakati kama huu, ukipata likizo, usirudi na basi. Njoo na pikipiki, kisha unichukue nikaione hiyo milima. Kofia ngumu nimeshanunua. Ni nyekundu, nimeificha nyuma ya madebe ya ufuta, na baba yako ameiona jana akadhani ni ya kwako, akasema umeisahau, tukuwekee kwenye mzigo. Nimemwambia aiache palepale.

Mama yako anayekupenda,

Mama Somoe